Mpeni Shee Mnofu

Kampala, Jumapili

Kwako dada yangu Mwanaesha, mtoto wa mama yangu na mlezi wangu,

Pokea salamu ndefu kuliko ukili wowote wa mkeka uliowahi kuusuka, na ukifika mwisho wake uunganishe mwingine, maana mimi sijachoka kukusalimu. Mdogo wako Bakari ni mzima, alhamdulillahi. Kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimetulia, na ile shuka nzito uliyonipa siku ya safari bado yanifaa, kwa sababu baridi ya asubuhi ya huku haina adabu, huingia bila hodi. Nanyi je? Magoti ya mama yanaendeleaje? Na lile paa la jikoni limeezekwa, au shemeji yangu Athmani bado asema kesho? Mwambie hiyo kesho yake niliiacha njiani nilipokuja bara, nami nikirudi nataka niikute imefika.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Bwana Hadi, yule mfanyabiashara wa Amu anayeleta tende na kofia huku Kampala, na ndiye atakayeichukua hii. Anaondoka kesho kwa gari moshi, na asema safari hizi ni nzito, watu wanakaguliwa vipande vyao vya kujitambulisha kila kituo. Kwa hiyo leo sikwenda kutembea na wenzangu, nimekaa bwenini nikuandikie. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu kama ulivyoniandikia wewe, usome kwa macho yako usihitaji mtu wa kukusomea. Kuna kipande kimoja huko mbele utakachomsomea Athmani, nami nitakuonyesha kinapoanzia. Mengine ni yako peke yako.

Umeniuliza neno moja, dada, na umeliuliza mwisho kabisa wa barua, pembeni, kwa herufi ndogo kana kwamba ulitaka nisilione. Nimeliona. Umeuliza kama ni kweli umembemenda mwanao. Jawabu nalitanguliza kabla ya habari nyingine yoyote: hapana. Hukumbemenda Shee, wala Athmani hakumbemenda. Ukichoka kusoma ukaishia hapa, basi lililo kubwa umeshalisoma.

Lakini nakujua. Wewe hukubali neno tupu, hata mama alipokwambia mkaa ni wa moto ulitaka kugusa. Basi nitakueleza moja moja.

Umesema Shee aliachishwa ziwa ghafla ulipojijua una mimba ya Zena, na tangu hapo si yule. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo labaki. Nywele zimegeuka rangi ya makumbi ya nazi, ngozi ya mapajani yachubuka, na mchana kutwa hukaa pale alipowekwa, hachezi wala halii kwa nguvu. Mtoto aliyekuwa akikuibia miyaa yako ya kusukia na kukimbia nayo uani! Na Bi Somoe, mavyaa wako, mamaye Athmani, akasema mbele ya wanawake mliokaa kusuka: “Mwana huyu amebemendwa. Wazazi wake hawakungoja akome ziwa, ndipo yakampata haya.” Watu wote wakainamia kazi zao, nawe ukainama. Nimekiona kikao hicho kana kwamba nilikuwa mlangoni, na moyo umeniuma, sikufichi. Kisha Athmani naye, kwa aibu ya maneno ya barazani, amesema Maulidi yakipita Shee apelekwe Siyu kwa shangazi yake awe mbali na jasho lako, nawe urudi kwa mama mpaka mtoto apone. Nawe waogopa kwamba habari utakayoletewa kutoka Siyu haitakuwa ya kupona.

Mimi pia naogopa hivyo hivyo. Ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Hapa chuoni, pamoja na kujifunza kufunga vidonda na kupiga sindano, tunasomeshwa elimu ya viumbe. Mwalimu wetu ni mama wa Kizungu, mrefu, mwenye kuongea na chupa zake kama uongeavyo wewe na kuku. Siku hizi anatufundisha kitu kiitwacho protini. Kiswahili chake sijakipata. Nikisema ni nyama nitakuwa nimekudanganya, maana kimo katika kunde pia, na katika maziwa, na katika unywele wa kichwa chako. Alipoanza kutueleza niliandika kila alichosema na sikuelewa hata kimoja. Nilielewa siku nilipokukumbuka wewe na miyaa yako, basi nami nitakueleza kwa njia hiyo hiyo.

Protini ni ukili. Imesukwa kwa vitu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, viitwavyo asidi za amino, lakini wewe viite miyaa, hakuna atakayekushtaki. Aina zake ni kama ishirini hivi, na kwa hizo chache Mwenyezi Mungu amesuka damu na misuli, ngozi na kucha, ute wa yai na nyuzi za buibui. Tofauti ni mpangilio tu, upi umetangulia na upi umefuata, kama uamuavyo wewe mweusi uingie wapi na mweupe wapi. Mwaa mmoja unaposhikana na mwenziwe, chembe ya maji hutoka kati yao na kifungo kikakaza. Na ukili ukishakuwa mrefu haulali ukanyooka, hujiviringa na kujikunja mpaka upate umbo lake, na umbo hilo ndilo linaloupa kazi. Hili wewe walijua kuliko mimi: kili zile zile ukizishona hivi ni mkeka, ukizishona vile ni kikapu, na hakuna mtu alalaye juu ya kikapu.

Siku moja mwalimu alitia ute wa yai katika maji, akakamulia limau. Ute ukaganda ukawa mweupe, na moto haujawashwa. Wenzangu wa bara wakapiga kelele kwa mshangao, mimi nikacheka. Nikamwambia mwalimu kwamba dada yangu hufanya mchezo huo kila siku jikoni: hutia samaki ndimu na chumvi, na ule mnofu uliokuwa waonyesha ng'ambo kama kioo hugeuka mweupe kabla haujaona chungu. Akafurahi sana. Akasema ni jambo lile lile, ukali wa limau au joto la moto hukunjua lile umbo, lakini miyaa yenyewe ingalipo, imeshikana vile vile, na mlaji hapungukiwi kitu.

Sasa, ukila samaki, mwili hauchukui ukili wake mzima ukaubandika. Tumbo hufumua kwanza. Hurudisha ile chembe ya maji penye kila kifungo, mwaa ukaachana na mwaa, kisha mwili huichukua ile miyaa mitupu ukasuka vya kwake. Ndiyo maana umekula samaki changu tangu uzaliwe na hujaota magamba.

Na hapa ndipo pa Shee. Iko miyaa ambayo mwili waweza kujitengenezea wenyewe, na iko mingine hauwezi kabisa, sharti iliwe. Ukikosekana mmoja katika hiyo, kazi husimama. Wakumbuka ule mkeka wa arusi ya binti wa jirani, rangi nyeusi ilipokwisha? Miyaa myeupe ilijaa uani hata kuku wakaifanya kitanda, na mkeka haukuongezeka hata shubiri moja mpaka ulipopata myeusi. Na mtoto wa umri wa Shee anasukwa kila siku, kwa sababu anakua. Alipokuwa kifuani mwako, maziwa yako yalimletea miyaa ya kila rangi. Ulipomtoa, hakuna chakula kingine kilichoshika zamu hiyo.

Najua hamumwachi na njaa. Umeniandikia mwenyewe: asubuhi uji wa muhogo na sukari, jioni wali laini uliorowekwa mchuzi. Muhogo na sukari ni kuni, dada. Vinampa joto, havimpi cha kusukia. Basi mwili wake hufanya nini? Huanza kufumua ulichokuwa umeshakisuka. Nywele ni protini, kwa hiyo zinakonda na kupoteza weusi. Ngozi ni protini, inachubuka. Na katika damu mna protini moja iitwayo albumini, ndugu wa ute wa yai, ambayo kazi yake ni kuvuta maji yabaki ndani ya mishipa. Ikipungua, maji hutoka mishipani yakatuama miguuni na tumboni. Ule uvimbe si unene na si uchawi, ni maji yaliyokosa wa kuyashika. Na wala si jasho lako.

Baada ya kusoma barua yako nilimwendea mwalimu nikamwomba ruhusa nipime chakula cha Shee. Alinitazama kidogo kisha akanifungulia kabati. Kupima kwenyewe ni hivi: waponda chakula katika maji, watia soda kali ile ya kupikia sabuni, kisha matone ya mrututu, ule ule wa buluu tunaotilia vidonda. Kama mna protini, ile buluu hugeuka zambarau. Kama hamna, hubaki buluu. (Usijaribu nyumbani, nakuomba, vyote viwili ni sumu mtu akivinywa, na soda hula vidole.)

Nilianza na uji wa muhogo na sukari. Ukabaki buluu. Nikautikisa, nikangoja, nikautikisa tena kama mjinga, buluu tu. Wali uligeuka kidogo. Mchuzi wa samaki, mchuzi mtupu bila mnofu, nililazimika kuinua chupa dirishani ndipo nikaona kivuli cha zambarau, nusura nijidanganye kwamba hakipo. Kisha nikaponda mnofu wa samaki wa ziwa la huku, ambaye kwa utamu hamfikii changu wetu hata akipikwa kwa nazi tatu. Zambarau ikaja nzito, rangi ya kanga yako ya Idi. Nilikaa nikaziangalia zile chupa mpaka mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Nilikuwa nikimwona Bi Somoe. Namsikia mpaka leo akisema, kama alivyokuwa akisema kwa kila mtoto wa mtaa: “Mwana aliyekoma ziwa hapewi nswi. Nswi humtia minyoo. Mpeni mchuzi, mnofu ni wa wakubwa.” Samaki aingia nyumbani kwenu kila siku, mumeo ni mvuvi wa mitego ya dema, nyumba nzima yanuka samaki, na mtoto mmoja peke yake ndiye asiyemla.

Nilikasirika, dada. Nilikaa na hasira yangu siku nzima, nikijiona mimi ndiye msomi na nyumbani kote ni wajinga. Mungu akaniletea Nalongo kunipunguza.

Nalongo ni mama wa Kiganda aliyelazwa na mwanawe katika wodi ninayofanya kazi. Jina hilo huitwa kila aliyezaa mapacha. Pacha mmoja mzima, mwingine ni Shee mtupu: miguu ile ile, nywele zile zile, kununa kule kule. Alikuwa akila ndizi za kupondwa tu, asubuhi na jioni. Nikamwuliza kwa nini hampi yai wala nyama ya kuku, na kuku wamejaa kwao. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni kwamba kuku na mayai ni vya wanaume, mwanamke wa kwao hali, hivyo hata kupika kwa ajili ya mtoto huona tabu. Nikamcheka. Nikamwambia, “Mama, kuku anatembea uani kwako na mtoto anavimba miguu?” Nikamsomesha miyaa yote, myeupe na myeusi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na kwenu mnakula nini?”

“Samaki,” nikasema. “Sisi twakaa kisiwani.”

“Basi watoto wenu wote ni wanene.”

Nikajitia kunyoosha shuka yake. Akaniuliza tena, ikanibidi niseme kweli, kwamba kwetu mtoto akiachishwa ziwa hapewi samaki asije akapata minyoo, na kwamba mtoto wa dada yangu miguu imevimba kama ya huyu. Nalongo alicheka, dada, alicheka mpaka wodi nzima ikageuka. “Mimi nina kuku wa kuhesabu,” akasema, “na ninyi mna bahari nzima!” Nyani haoni kundule, na mimi langu nilionyeshwa mbele ya watu.

Alipomaliza kucheka akapangusa macho, akasema maneno ambayo sijayasahau. “Basi tuahidiane. Mimi nitampa wangu yai, nawe utampa wa dada yako samaki. Tuone nani atatangulia kucheka.” Nikamwuliza kwa nini kucheka. Akasema muuguzi mkubwa amemwambia asitazame miguu wala nywele. Uvimbe hushuka polepole na nywele huchukua miezi, lakini mtoto wa ugonjwa huu akicheka, ujue ameshika njia ya kupona. Baadaye nilimwuliza muuguzi mwenyewe, akasema ni kweli, ndivyo wanavyoona.

Sikufichi pia kwamba si wote wanaocheka. Wako wanaoletwa wamechelewa, na vitanda vyao hutandikwa upya. Ndiyo maana nakuomba usingoje Maulidi.

Kuanzia hapa, dada, msomee shemeji yangu kwa sauti.

Shemeji Athmani, assalamu alaikum. Nakuheshimu, na wewe wajua, kwani ulinifundisha kutega dema na hukunicheka nilipotega langu juu chini. Nimesikia ya barazani. Nakwambia kama mtu anayesomea kazi hii: mwanao hakubemendwa. Wewe hukukosa na mke wako hakukosa. Shee amekosa mnofu, basi, na mnofu waubeba wewe mwenyewe mkononi kila urudipo. Watakaosema, waambie wanisubiri, nikija tutabishana mpaka wao ndio waombe kwenda kulala. Lakini Shee usimpeleke Siyu. Siyu nako kwema, ila dawa iko nyumbani kwako, na mtoto wa hali hiyo akitengwa na mama yake hugeukia ukuta akaacha kula kabisa. Nimewaona kwa macho yangu. Mpe samaki kuanzia siku hii barua itakaposomwa. Ukiona hali kitu, au anaharisha, au anazidi kulegea, usingoje. Mchukue yeye na mamaye, wote wawili pamoja, uwapeleke hospitali ya Amu. Sijawahi kukuomba jambo, shemeji. Hili nakuomba.

Basi, hapo inatosha kwa Athmani. Mpe maji ya kunywa, nawe uendelee peke yako.

Kwa Bwana Hadi nimempa kopo la maziwa ya unga. Chemsha maji, yapoe kidogo, koroga, mpe Shee kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Tumbo lake limezoea uvivu, ukilijaza mara moja litarudisha. Akishayakubali, anza mnofu. Chagua samaki mweupe, mchemshe, mponde mpaka awe laini, umchanganye na wali. Kopo litakwisha, samaki hawaishi, kwa hiyo usiliogope kulimaliza. Na siku ambazo dema ni tupu, mpe kunde zilizopondwa pamoja na wali. Mwalimu ametueleza kwamba mwaa unaopungua katika wali umo katika kunde, na unaopungua katika kunde umo katika wali, hivyo ukivila pamoja mkeka unakamilika. Yai pia, likipatikana. Na lile kombe la aya zilizooshwa sahanini, anywalo kwa mwalimu wa Kurani, mwache aendelee nalo. Dua haijagombana na mnofu.

Limebaki la Bi Somoe, nalo ndilo gumu, maana jikoni ni kwake.

Usimwambie amekosea. Nimefikiri sana juu yake baada ya Nalongo kunicheka. Mama aliniambia zamani kwamba Bi Somoe alimzika mtoto wake wa kwanza, akiwa mdogo kama Shee, na kwamba katika ugonjwa wake mtoto yule alitokwa na minyoo, na jana yake alikuwa amekula samaki. Tangu siku hiyo hakuna mtoto wa mtaa aliyekula samaki mbele yake. Minyoo haiji na samaki aliyepikwa, dada, minyoo huja na uchafu wa udongo na mikono, lakini hakukuwa na mtu wa kumwambia. Kwa hiyo Bi Somoe hamnyimi Shee kwa uchoyo. Anamwogopea. Kila anapomnyang'anya kipande, anadhani anamtoa kaburini.

Na hata hilo la kubemenda, wazee hawakuliota. Waliona kweli kwamba mama akishika mimba mapema, mtoto aliye kifuani hudhoofika. Waliona jambo, wakakosa sababu yake. Sababu ni kwamba ziwa limeondoka na hakikuja kitu mahali pake. Mwambie hivyo ukipata nafasi, atakuelewa, ni mtu wa akili.

Kisha fanya hivi. Siku ya kwanza usimlishe wewe. Mpelekee Bi Somoe sahani ya samaki, mwambie, “Bakari akusalimu, na akuomba umchambulie Shee miba, kwa sababu hamwamini mtu mwingine.” Na ni kweli simwamini mwingine. Siku ya arusi yako, mimi nikiwa kijana mwenye njaa kati ya wageni, alinivuta kando akanichambulia changu mzima kwa vidole vyake, sikukuta hata mwiba mmoja. Aketi naye, amwite kwa sauti yake ile, “Ndoo mwanangu, ndoo ule,” amtie mwenyewe mdomoni. Akikataa siku ya kwanza, mpelekee siku ya pili. Nalongo naye alimlisha mwanawe yai la kwanza akiwa amefumba macho, kana kwamba anamtilia sumu. Lakini alimlisha.

Nisalimie mama, mwambie nasali na nakula na sijaoa. Nisalimie mwalimu wangu wa Kurani aliyenifundisha herufi hizi, umwambie zimenifaa leo kuliko siku zote. Nisalimie binamu yetu wa Mbwajumali akija na mahindi, na jirani yako msuka kawa, yule aliyeinama zaidi ya wote siku ile ili asikutazame, kwani najua alifanya hivyo kwa huruma. Mbusu Zena. Bi Somoe mpe mkono kwa niaba yangu, kwa adabu.

Na habari ya mwisho ni hii. Jana asubuhi nilikuwa nabadilisha shuka wodini, Nalongo akanishika mkono akanivuta mpaka kitandani kwake. Miguu ya mtoto bado imevimba, nywele bado ni zile zile. Nikainama nimwangalie. Akaniangalia, akaangalia kofia yangu, akacheka. Cheko dogo la upande mmoja, na mara likaondoka, lakini nililiona mimi na aliliona mama yake. Nalongo hakusema alhamdulillahi kama ningesema mimi. Alisema, “Wangu ametangulia. Na wako?”

Nikamwambia barua itaondoka keshokutwa. Watamruhusu kurudi kwao karibuni, lakini ameniambia kwao si mbali na atakuja kila siku ya soko kuniuliza. Basi dada, usinichoshe na habari za miguu wala za nywele. Siku Shee atakapocheka, niandikie hilo tu, kwa herufi kubwa, katikati ya karatasi, nipate cha kumwambia Nalongo.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Bakari